Dakika Moja ya Kuhesabu Pumzi

Mama akimfikisha mtoto kwenye kituo cha afya cha mitaa kama Rughenda, mjini Butembo, hakutani na daktari. Anakutana na muuguzi, na bado humwita "dokta" vilevile. Ndivyo ilivyo Kongo: kituo huongozwa na muuguzi titulari, daktari yuko hospitali kuu ya zoni ya afya, kama ile ya Katwa, na kufika huko ni nauli ya pikipiki. Muuguzi kijana wa ngazi ya A1, aliyezoea kutekeleza maagizo, hugundua kituoni kuwa maagizo anayatoa yeye.

Wodini alikofanyia staji, mgonjwa alishapewa jina la ugonjwa wake. Kituoni anakuja na "mwili moto" tu. Hapo msaada ni ordinograma, mchoro wa maswali unaomtoa muuguzi kwenye dalili hadi uamuzi: tibu, ngojea, au tuma hospitali. Wapo wanaouona ni wa wasiojua kazi. Mimi nimewaona waliobobea wakikosea zaidi, kwa sababu wameshaamua kabla mama hajaketi.

Chukua mtoto wa miezi minane anayekohoa. Mwanafunzi anatazama kifua sekunde 15, anazidisha kwa 4. Amekosea. Mtoto mchanga hapumui sawasawa kama saa; huvuta harakaharaka, akatulia, akavuta tena. Ahesabiwe dakika nzima, shati limepandishwa, yuko mapajani pa mama, halii wala hanyonyi. Kwa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni za haraka, nimonia inashukiwa. Akitimiza mwaka, mpaka ni 40. Asipoweza kunyonya, au akipata degedege, ni dozi ya kwanza ya dawa, barua ya kumtuma hospitali, na pikipiki.

Kuamua mapema kuna hatari kubwa zaidi. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ikianzia Mangina, ikaja Butembo na Katwa, iliua watu zaidi ya 2,200 kabla ya kwisha Juni 2020. Dalili zake zilianza kama za malaria, na wengi waliambukizwa humohumo kwenye vituo vya matibabu. Kipimo cha malaria kikitoka chanya hakijafuta ugonjwa mwingine. Hili mwanafunzi alijue kabla ya kushika sindano.

Kwa hiyo mwalimu wa staji akae kwenye kigoda nyuma ya mwanafunzi, anyamaze. Mgonjwa akishatoka, ndipo aulize swali la Ebola: "Kuna matanga waliyokwenda?" Mara nyingi kijana huitazama fishi ya mgonjwa, na mahali pa jibu ni peupe.