Mwalimu wa mieleka afundishwe naye

Kule Salamabila, karibu na Namoya, mutoto wa miaka 13 anajua bei ya gramu moja ya zahabu mbele ya kujua kugawanya hesabu. Anajua tena nani anaheshimiwa: PDG wa shimo mwenye pikipiki mupya, ao yule anayetembea na silaha. Hao ndio walimu wake, tupende tusipende. Basi tunataka tusemee mukubwa mwingine, yule anayekusanya vijana magaribi na kuwafundisha mieleka.

Hatusemi juu ya katshi ya Edingwe na dawa zake kule Kinshasa. Ile ni maonyesho, ina watu wake. Tunasemea mchezo wenye sheria, ule ulioonekana katika Michezo ya Francophonie, Kinshasa, mwaka 2023. Hauombi feza mingi. Kwa Michezo ya Olimpiki ya vijana ya Dakar, mwaka 2026, wamepanga mieleka ya muchangani: duara la metre 7, dakika 3, mwenye kupata alama 3 wa kwanza ameshinda. Na muchanga, toka Kasongo mpaka Kabambare, nani anauza?

Kinachokosa ni mwalimu aliyefundishwa. Tunazoea kusema: huyu aliangusha wengi, tumupe watoto. Kuangusha ni kazi moja, kuchunga kijana ni ingine kabisa.

Tuanze na mwili. Mwaka 1997, Marekani, wanamieleka 3 wa vyuo vikuu walikufa ndani ya muda wa mwezi moja na kidogo, juu walikuwa wanajikausha jasho ili wapunguze kilo haraka. Vyuo vikubwa, waganga karibu, na bado walikufa. Sasa mutoto aliyeshinda akibeba mifuko kwenye jua, bila maji, jioni unamukimbiza tena? Mwalimu aulize kwanza: leo umekula? Umekunywa?

Halafu inakuja sehemu yenye uzito, ile mutu hajifunzi kwa kupigana. Kijana amekosa siku tatu: mwalimu aende kwao, asingoje. Ameanza kuonyesha feza ghafla: amuulize pembeni, si mbele ya wenzake. Akimwambia kama kuna watu wanamuita porini, ile si siri ya kulala nayo; apelekee muzazi ao mukubwa anayeaminika, tena apange naye namna ya kumulinda. Asibaki peke yake na mutoto mahali pa kujificha, awe kijana ao binti. Mabinti wawe na mama ao dada mukubwa pale uwanjani. Na mwalimu anayetuma watoto wake wa mieleka mu shimo lake, huyo atoke. Sheria yenyewe inaomba muchimbaji awe mutu mzima.

Goma walimujua Kibomango, mwanaboksi aliyekuwa mutoto-askari na kupoteza jicho moja. Alifundisha ngumi watoto wa barabarani na wengine waliotoka jeshini. Walimusikiliza kwa sababu alipita pale walipopita. Kwetu pia wako wanaume waliorudi toka porini, na wengine wanaweza kuwa walimu wazuri. Lakini kupata mateso si diploma. Huyo afundishwe kama wengine, tena mukubwa mwingine amufuate musimu muzima mbele ya kumuachia watoto.

Nani atalipa? Tangu 2018, sheria ya madini inaomba kampuni zitoe angalau 0,3% ya mauzo yao kwa maendeleo ya wenyeji. Pale wanapoandika cahier des charges, tunasikia kila mara shule, daraja, kituo cha afya. Ni haki. Ila juma moja la kufundisha walimu kumi halifiki bei ya bati za jengo moja. Wazazi, mukiitwa kwenye mukutano, muliweke kwa karatasi, na muandike tena jina la yule atakayerudi kuwaona hao walimu kisha miezi sita.