Tramu za Kale, Sehemu ya 4: Jina Juu ya Kioo cha Dereva

Wiki iliyopita tuliishia Richmond, Virginia, mwaka 1888, Frank Sprague alipowaonyesha wenye shaka kwamba umeme unaweza kuendesha tramu za mji mzima, vilima na vyote. Leo tukitazame kitu kidogo ambacho waandishi wengi wa habari za reli hukipita mbio: kibao kinachomwambia abiria gari linakwenda wapi. Naamini bila kibao hicho mfumo wa tramu za umeme usingeenea kama ulivyoenea.

Enzi za tramu za farasi, gari lilikuwa la njia moja tu. Lilipakwa rangi ya njia hiyo, na majina ya mitaa lilikopita yakaandikwa ubavuni kwa brashi, herufi zenye vivuli na nakshi. Glasgow, kule Uskoti, iliendelea na utaratibu wa rangi hata baada ya umeme kuingia. Tramu zake za ghorofa zilikuwa na mkanda mpana wa rangi ubavuni, chini ya madirisha ya juu: nyekundu, njano, buluu, kijani au nyeupe. Mkazi wa Dar es Salaam aliyezoea mistari ya rangi kwenye daladala anaelewa mara moja. Asiyejua kusoma hakupotea, na mwenye macho hafifu aliitambua tramu yake ikiwa bado mbali.

Aliyeumia ni mwenye kampuni. Gari la njia ya kijani likiharibika, la njia ya buluu halikuweza kuziba pengo bila kuwapoteza watu. Umeme ulipokuja, gari likawa ghali zaidi, na kampuni ndogo ndogo zikaunganishwa kuwa kubwa. Kuliacha gari zima likae yadi kwa sababu ya rangi yake ikawa hasara isiyovumilika. Ilibidi gari liweze kubadilisha njia kwa dakika moja.

Jibu lilikuwa kitambaa. Juu ya kioo cha dereva lilifungwa sanduku lenye kioo mbele. Ndani yake mlikuwa na roli mbili, na kutoka moja hadi nyingine kilipita kitambaa kirefu cha kitani au pamba chenye majina ya vituo vyote vya mwisho. Kondakta au dereva alizungusha mkono wa chuma mpaka jina alitakalo likae sawasawa kwenye kioo. Ukikitazama kitambaa hicho kwa karibu utaona ufundi wake. Herufi nyeupe hazikupakwa juu ya kitambaa cheusi. Wino mweusi ndio uliopakwa kuzizunguka, na kitambaa chenyewe kikaachwa kitupu mahali pa herufi. Usiku taa iliyokuwa nyuma ilipenya hapo hapo, jina likasomeka ng'ambo ya barabara.

Mpangilio wa majina nao ulitaka akili. Majina ya njia moja yakikaa mbalimbali, mfanyakazi huzungusha mkono mpaka uchoke, huku abiria wakingoja. Kwa hiyo ilifaa ncha mbili za njia moja ziwe jirani kwenye kitambaa. Tramu nyingi ziliendeshwa kutoka upande wowote, bila kugeuzwa, kwa hiyo kulikuwa na vibao viwili vya kubadilishwa kila safari. Pamoja na majina ya mahali, kitambaa kilibeba maneno ya kazi: safari maalumu, gari linarudi yadi, au, kama Toronto, tramu inayogeuzia njiani kabla ya kufika mwisho.

San Francisco ilikuwa na tatizo la aina yake. Hadi 1944, kampuni mbili zilishindana kwenye Market Street, juu ya njia nne za reli zilizokwenda sambamba. Tramu zilikuja zikifuatana, na jina refu halikusomeka kwa wakati. Kampuni binafsi ilitumia namba. Muni, shirika la mji lililoanza kazi Desemba 1912, likatumia herufi kubwa moja moja. Herufi hizo bado zinatumika mjini humo.

Kibao kilichojulikana kuliko vyote ni cha New Orleans. Tramu za njia ya Desire, yaani Tamaa, zilipita mitaa ya Royal na Bourbon kuanzia 1920, zikiitwa kwa jina la mtaa zilikoelekea. Nyingine, kwenye Canal Street, ziliandikwa Cemeteries, kwa kuwa safari iliishia kwenye makaburi. Tennessee Williams aliyachukua majina hayo mawili ya kawaida kabisa akayatia katika tamthilia yake ya 1947. Mwaka uliofuata tramu za Desire ziliondolewa, mabasi yakashika nafasi yake.

Tramu za masafa, zilizounganisha mji na mji, zilikuwa na mahitaji mengine. Stesheni ya Indianapolis, iliyofunguliwa 1904, ilikuwa na njia tisa chini ya paa moja, na magari yakiondoka kuelekea kila pembe ya Indiana. Hapo kujua mji pekee hakukutosha. Abiria alitaka kujua kama gari husimama kila kijiji au hupita moja kwa moja, kwani aliyekosea alipelekwa mbali kupita kwao. Magari mengi yalitundika ubao wa mbao au bati mbele, wenye neno Local kwa gari la kila kijiji, au Limited kwa lile la moja kwa moja. Wafanyakazi wa reli nao walikuwa na alama zao: bendera nyeupe kwa gari lisilo kwenye ratiba, kijani kuonya kwamba lingine linafuata nyuma, maana reli ilikuwa moja na magari yalipishana kwa kuamriwa.

Kampuni za tramu zilipokufa, vitambaa vingi vilikatwa vipande ili jina moja moja litundikwe ukutani. Naliona hilo kuwa hasara kubwa. Kitambaa kizima ni orodha ya njia zote kama mfanyakazi alivyozipanga, na mpango huo ukikatwa haurudi tena. Makumbusho ya Seashore, Maine, na yale ya Illinois yanatunza tramu za zama hizo, na mtafiti wa vibao hana mahali bora pa kuanzia.

Wiki ijayo: kondakta, tiketi na nauli.