Buti la mwindaji na miguu mikavu katika baridi ya Marekani

Kwa aliyekulia penye ndala na katambuga, kiatu ni kinga dhidi ya miiba na mchanga wa moto. Katika miji ya Louisville, Columbus na Buffalo nchini Marekani, kiatu huweza kuamua iwapo vidole vya miguu vitafika salama mwisho wa majira ya baridi.

Miji hiyo mitatu imepokea maelfu ya wakimbizi kutoka Afrika Mashariki na Kati. Wabantu wa Somalia walianza kuwasili Marekani mwaka 2003 wakitokea kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya. Warundi walioikimbia nchi yao mwaka 1972 wakafuata kuanzia mwaka 2007 kutoka makambi ya Tanzania, na baadaye Wakongo, wakiwemo waliotoka Nyarugusu mkoani Kigoma.

Utaratibu wa kuwapokea wakimbizi uliyataka mashirika ya mapokezi, kama vile Kentucky Refugee Ministries la Louisville na Journey's End la Buffalo, kuhakikisha kwamba mgeni anapata mavazi yanayofaa msimu. Hata hivyo, koti la msaada ni rahisi kulipata kuliko buti. Koti kubwa kupita kiasi bado hutia joto, lakini buti lisilolingana na mguu huumiza, na linalovuja ni hatari.

Unyevu huanza, baridi humalizia

Wageni wengi hudhani kwamba adui wa miguu ni baridi peke yake, na hivyo hutafuta kiatu kinene kuliko vyote dukani. Adui wa kwanza ni maji. Kwa mujibu wa kituo cha Marekani cha kudhibiti na kuzuia magonjwa, CDC, mguu uliolowa hupoteza joto kwa kasi mara 25 kuliko mguu mkavu.

Ndiyo maana miguu huweza kudhurika hata pasipo barafu. Katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, makumi ya maelfu ya askari waliosimama katika mahandaki yenye maji waliharibikiwa na miguu, wengine wakakatwa vidole. CDC inaeleza kuwa maradhi hayo ya mahandaki huweza kumpata mtu hata joto likiwa nyuzi 16 za Selsiasi, ikiwa miguu yake imelowa kwa muda mrefu.

Kwa wasomaji wenye asili ya Afrika kuna sababu ya ziada ya kujihadhari. Uchunguzi uliofanywa katika majeshi ya Marekani na Uingereza umeonyesha mara kwa mara kwamba askari wenye asili ya Kiafrika hupata madhara ya baridi kwenye vidole kwa kiwango kikubwa kuliko wenzao weupe, ingawa wamevaa sare zile zile. Wataalamu wanaeleza kwamba sehemu ya tofauti hiyo inatokana na jinsi mishipa ya damu ya vidole inavyojibana na kufunguka katika baridi.

Miji mitatu, hali tatu

Louisville, jimboni Kentucky, ina majira ya baridi yenye mvua na matope kuliko theluji. Wastani wa joto la Januari ni kama nyuzi 2 juu ya sifuri. Hapo maji hayagandi kwa muda mrefu, na kiatu cha kitambaa hulowa kabla mtu hajafika kazini. Mji huo ndio makao ya Worldport, kituo kikuu cha kampuni ya UPS cha kupanga vifurushi, na sehemu kubwa ya kazi yake hufanyika usiku, wakati baridi inapozidi.

Columbus, mji mkuu wa Ohio, una moja ya jumuiya kubwa zaidi za Wasomali nchini Marekani. Joto la Januari huzunguka nyuzi sifuri, hivyo theluji huyeyuka mchana na kuganda tena usiku. Anayepita hapo hukanyaga tope la theluji asubuhi na barafu telezi jioni.

Buffalo, jimboni New York, uko ukingoni mwa Ziwa Erie. Upepo mkavu wa baridi unapopita juu ya maji ya ziwa hilo hubeba mvuke, kisha huumwaga nchi kavu ukiwa theluji. Kwa wastani mji huo hupata takriban mita 2.4 za theluji kwa mwaka. Dhoruba ya Desemba 2022 iliua watu zaidi ya 40 katika mji huo na viunga vyake, na barabara zilifungwa kwa siku kadhaa.

Kwa nini mwindaji?

Katika majimbo yote matatu, msimu wa kuwinda paa kwa bunduki huangukia zaidi mwezi Novemba na mapema Desemba. Kuanzia Oktoba maduka hujaa mabuti ya uwindaji, na mgeni asiyewinda huyapita akidhani hayamhusu.

Lakini mwindaji na msafiri wa basi wana shida moja. Mwindaji hutembea kidogo katika majani yaliyolowa, kisha husimama kimya saa nyingi akimngoja mnyama. Msafiri hutembea kidogo katika tope la theluji, kisha husimama kituoni. Anayetembea hupata joto kutokana na misuli yake. Anayesimama hana ila kile alichokivaa. Buti la mitindo, hata liwe na manyoya kwa nje, halikukusudiwa kazi hiyo.

Historia ya buti hilo nayo ina funzo. Mwaka 1911, Leon Leonwood Bean wa jimbo la Maine alirudi kutoka kuwinda akiwa na miguu iliyolowa. Akamtaka fundi ashone ngozi nyepesi juu ya sehemu ya chini ya mpira. Kati ya jozi 100 za kwanza alizouza, 90 zilirudishwa kwa sababu ngozi iliachana na mpira. Bean aliwarudishia wateja fedha zao, akarekebisha mshono. Hadi leo, mahali pa kukaguliwa kwanza katika buti la namna hiyo ni pale ngozi inapokutana na mpira.

Mambo ya kuangalia dukani

Kwanza ni maandishi ya lebo. Kiatu kisichopenyeza maji si sawa na kiatu kinachostahimili maji. Cha pili huvumilia manyunyu kwa muda, kisha hulowa. Mabuti mengi ya aina ya kwanza yana utando mwembamba ndani, kama ule wa Gore-Tex, wenye vitundu vidogo mno vinavyozuia tone la maji lakini huruhusu mvuke wa jasho kutoka. Gambuti la mpira mtupu halipitishi maji kabisa, ila halitoi jasho, na mguu hulowa kutoka ndani.

Pili ni ulimi wa kiatu. Ukiwa umeshonwa pande zote mbili hadi juu, maji hayapenyi kwenye kamba. Ukiwa huru, theluji huingia hapo hata kama ngozi ni nzima.

Tatu ni kiasi cha kitambaa cha kuhifadhi joto, ambacho huandikwa kwa gramu. Gramu 200 hadi 400 humfaa anayetembea sana. Gramu 800 au zaidi ni za anayesimama muda mrefu katika baridi kali. Anayefanya kazi ndani ya ghala akivaa buti la gramu 1,000 atatoka jasho, na jasho hilo litamgandisha akitoka nje.

Nne ni nafasi. Buti lijaribiwe jioni, wakati miguu imevimba kidogo, pamoja na soksi nene zitakazovaliwa. Vidole viweze kucheza, na kisigino kisipande mtu anapotembea. Buti linalobana huzuia damu, na pasipo damu hakuna joto. Namba 42 ya Ulaya hukaribia namba 9 ya wanaume ya Marekani, lakini namba za wanawake ni tofauti, na kujaribu ni bora kuliko kukisia.

Bei isimkatishe mtu tamaa. Mabuti hushuka bei mwezi Machi na Aprili, na katika maduka ya mitumba hupatikana yaliyovaliwa mara chache. Yakunjwe ili nyufa za mpira zionekane. Nyumbani, yajazwe magazeti makavu na kusimamishwa kwenye beseni la maji. Gazeti likilowa, buti limekwisha.

Soksi na utunzaji

Buti zuri huharibiwa na soksi mbaya. Pamba hunyonya jasho na kulishikilia. Sufu hubaki na joto hata ikiwa na unyevu. Kuvaa soksi tatu katika kiatu kinachobana ni kosa la kawaida la wageni. Jozi moja ya akiba ndani ya mkoba hufaa zaidi.

Buti lililolowa lisiwekwe juu ya hita, kwani ngozi hupasuka na gundi huachia. Litolewe soli ya ndani, lijazwe magazeti na kuachwa penye hewa. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu hula ngozi, hivyo ifutwe kila jioni kwa kitambaa chenye maji na siki kidogo.

Dalili za hatari

Vitabu vingi vya huduma ya kwanza hueleza kuwa ngozi iliyoshikwa na baridi hugeuka nyekundu au nyeupe. Katika ngozi nyeusi mabadiliko hayo huenda yasionekane haraka. Dalili za kuzingatia ni ganzi, ngozi kuwa ngumu au kama nta, na rangi ya kijivu. Maumivu yakitoweka ghafla huku mguu bado una baridi, hiyo si nafuu.

Mguu huo usisuguliwe wala kusogezwa karibu na moto, kwa kuwa wenye ganzi huungua bila mtu kujua. Avuliwe viatu na soksi zilizolowa, aingizwe penye joto, na mguu utiwe katika maji ya uvuguvugu. Ganzi ikiendelea au malengelenge yakitokea, apelekwe hospitali. Kwa dharura, simu ni 911.

Wenye kisukari wanapaswa kukagua miguu yao kila siku, kwani huenda wasihisi ganzi hiyo. Watoto nao hawasemi mapema kwamba miguu imelowa. Mzazi anayepokea mtoto kutoka shule atajua kwa kutia mkono ndani ya buti.