BAMBO NA GUNIA: Jinsi ya Kuwajua Wengi kwa Kuwauliza Wachache



Mazungumzo haya ni juu ya elimu ya takwimu, yaani elimu ya kukusanya hesabu za watu na vitu, kuzipanga na kuzipima, ili zitufundishe jambo lililo kweli. Jina lake laweza kumwogofya mtu, akadhani ni kazi ya mabingwa peke yao. Sivyo. Msingi wake wajulikana tangu zamani na wafanya biashara wa nafaka wa pwani yetu, nao huubeba mkononi. Jina lake ni bambo.

Bambo ni chuma kilichochongoka ncha, chenye mfereji. Mnunuzi akiletewa gunia la mchele au mtama, halimwagi lote chini, wala haitazami punje moja moja. Hulidunga gunia kwa bambo, kisha hulichomoa, na punje chache hutoka katika mfereji. Kwa punje hizo hujua kama nafaka ni safi au ina mawe, kama ni kavu au imeliwa na wadudu, ndipo atajapo bei. Lakini mnunuzi mwerevu hadungi mara moja tu, wala hadungi juu peke yake. Ajua kwamba muuzaji mjanja huweza kutia mchele mzuri juu na mbovu chini. Kwa hiyo hudunga juu, kati na chini, upande huu na upande wa pili.

Katika kazi hii ndogo mna mambo mawili makubwa. La kwanza, sehemu ndogo yaweza kutueleza habari za kitu kizima. La pili, haiwezi kutueleza kweli ila ikitwaliwa kwa haki. Sehemu hiyo twaiita sampuli, na mambo mengine yote nitakayosema leo ni matawi ya mti huo.

Sasa tutoke kwenye gunia twende kwa watu. Katika mwaka wa 1886 mfanya biashara wa meli aliyeitwa Charles Booth alianza kuchungusha habari za maskini wa London. Watu walikuwa wakibishana sana siku zile. Wengine walisema maskini ni wachache na tena ni wavivu. Wengine walisema ni wengi mno. Kila mmoja alikuwa na maneno, wala hapakuwa na hesabu. Booth na wasaidizi wake wakawauliza maofisa waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuangalia watoto wasiohudhuria shule, maana hao walizijua nyumba za watu na hali zao. Mwishowe ilionekana kwamba katika kila watu 100 wa London, watu 30 hivi walikuwa maskini. Hesabu hiyo iliwanyamazisha wabishi wengi. Lakini kazi yote ya Booth ilichukua miaka kama 17 na kujaza vitabu 17. Ni miji mingapi iwezayo kungoja muda huo?

Ndipo katika mwaka wa 1912 mwalimu mmoja wa hesabu, Arthur Bowley, alipokwenda katika mji wa Reading, katika Uingereza, akafanya kazi ya namna hiyo kwa njia ya bambo. Hakuuliza kila nyumba. Alitwaa orodha ya nyumba za mji, akachagua takriban nyumba moja katika kila 20 kwa kufuata utaratibu wa orodha, bila kutazama kama nyumba ni nzuri au mbaya, ya rafiki au ya mgeni. Kwa nyumba hizo chache aliweza kueleza hali ya mji wote, tena aliweza kusema kosa lake laweza kuwa kubwa kiasi gani. Hilo la pili ndilo lililo la thamani zaidi. Mtu aneneaye kwa kukisia hawezi kukuambia amepotoka kiasi gani. Mwenye sampuli njema aweza.

Pengine msomaji atauliza, Je, wachache hao wachaguliwe namna gani? Jawabu ni kwamba kila mtu awe na bahati sawa ya kuchaguliwa, kama katika kupiga kura. Ukiwauliza rafiki zako tu, au wakaao karibu na barabara tu, au waliokuja sokoni siku ile, umedunga gunia juu peke yake. Mgonjwa hakuja sokoni. Mwenye shamba la mbali hakai barabarani. Mjane asiye na kitu cha kuuza hayumo katika hesabu yako, ingawa labda yeye ndiye mwenye haja kuliko wote.

Jambo hili lilidhihirika sana katika Marekani mwaka wa 1936. Watu walikuwa karibu kumchagua Rais, na washindani wakubwa walikuwa wawili, Roosevelt na Landon. Gazeti moja mashuhuri, Literary Digest, lilituma karatasi za kuulizia kwa watu kama milioni 10, na waliorudisha jawabu walipita milioni 2. Gazeti likatangaza kwamba Landon atashinda. Lilikuwa limebashiri kweli katika chaguzi zilizotangulia, likasifiwa sana. Nasi twajua kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Siku ya uchaguzi Roosevelt alishinda katika majimbo 46, na Landon alipata mawili tu.

Mithali yasema, penye wengi hapaharibiki neno. Hapa palikuwa na wengi, na neno likaharibika. Sababu ni mbili. Kwanza, majina mengi yalitwaliwa katika orodha za wenye simu na wenye motakaa, na siku zile za shida watu wa namna hiyo walikuwa wenye nafasi. Maskini, ambao wengi wao walimpenda Roosevelt, hawakufikiwa sawasawa. Pili, katika kila watu wanne waliopelekewa karatasi, watatu hivi hawakujibu, na wanaojibu si lazima wawe na nia moja na wanaonyamaza. Mwaka ule ule mtu mmoja aitwaye George Gallup aliuliza watu wachache zaidi sana, kama 50,000, lakini alijitahidi kuwapata watu wa kila hali, naye alibashiri kwa haki kwamba Roosevelt atashinda. Basi wingi wa waulizwao hauponyi uchaguzi mbaya. Ukidunga juu ya gunia mara elfu, utajua habari za juu mara elfu, na chini hutakujua.

Ukisha kuchagua kwa haki, ndipo wingi una maana. Jaribuni jambo hili nyumbani au shuleni. Tieni katika chungu maharagwe 1,000, mekundu 300 na meupe 700, mkayachanganye sana. Mtu mmoja afumbe macho atoe maharagwe 100, myahesabu, kisha myarudishe na kuchanganya tena. Mara mtapata mekundu 27, mara 33, mara 30 barabara. Lakini mara chache sana mtapata chini ya 20 au zaidi ya 40. Bahati yayumba, lakini yayumba ndani ya mipaka, na mipaka hiyo yahesabika. Ukiuliza watu 100, jawabu lako laweza kupotoka hata 10 katika kila 100, juu au chini. Ukiuliza 400, laweza kupotoka 5. Ukiuliza 1,600, mbili na nusu. Ukiuliza 10,000, moja tu. Mara 19 katika 20 kosa halipiti hapo. Angalieni kwamba kulipunguza kosa hata nusu yake yataka kuuliza watu mara nne, na gharama pia huongezeka. Tena, ukubwa wa nchi si neno sana. Mpishi akikoroga vizuri, kijiko kile kile chamtosha kuonja mchuzi wa sufuria ndogo na mchuzi wa arusi.

Wafanya biashara nao waliona faida. William Gosset alikuwa mtumishi katika kiwanda cha pombe cha Guinness katika mji wa Dublin. Kazi yake ilimtaka apime ubora wa shayiri na vitu vingine kwa majaribio machache tu, kwa kuwa majaribio mengi yaligharimu fedha na wakati. Katika mwaka wa 1908 alitangaza njia ya kupima mashaka ya jawabu linalotokana na majaribio machache. Hakutumia jina lake mwenyewe, bali alijiita Student, yaani mwanafunzi. Njia hiyo hutumiwa hata leo na wakulima, waganga na wenye viwanda ulimwenguni.

Sasa nawaonya juu ya mitego miwili. Mtego wa kwanza ni neno wastani. Tuseme watu watano wa kijiji wapata kwa mwezi shilingi 40, 40, 50, 50 na 820. Jumla ni shilingi 1,000, na wastani ni 200. Mtu akisema, Watu wa kijiji hiki hupata shilingi 200 kwa mwezi, hesabu yake ni sawa, lakini hakuna hata mmoja apataye fedha hiyo, na wanne kati yao wako chini sana. Wapange kwa safu kutoka aliye chini mpaka aliye juu, ukamtazame wa katikati: ana shilingi 50. Huyo aeleza hali ya kijiji kwa kweli zaidi. Ikiwa msaada wa njaa hutolewa kwa kutazama wastani, watu wanne watalala na njaa kwa ajili ya mali ya jirani yao.

Mtego wa pili ni kudhani kwamba mambo mawili yaendayo pamoja lazima moja lizae lingine. Tuseme vijiji vyenye zahanati vina wagonjwa wengi walioandikwa kuliko vijiji visivyo nayo. Je, zahanati yaleta maradhi? Hasha. Penye zahanati wagonjwa huandikwa. Pasipo zahanati huugua na kufa bila ya kalamu. Kabla ya kusema hili limeleta lile, tafuteni kwanza jambo la tatu lililojificha nyuma yao.

Habari hizi hazikuishia Ulaya na Marekani. Hapo zamani hesabu za watu wa Afrika ya Mashariki zilikuwa nyingi za kukisia, hasa kwa kufuata vitabu vya kodi. Katika mwaka wa 1948 watu wa Kenya, Uganda na Tanganyika walihesabiwa katika sensa kubwa, na baada yake ilitwaliwa sampuli ya mtu mmoja katika kila kumi hivi ili kuuliza mambo zaidi. Ilionekana kwamba watu walikuwa wengi kuliko walivyodhaniwa: Tanganyika ilikuwa na watu karibu milioni 7 na nusu. Fikirini maana yake. Nchi ikikisia watu wake pungufu, shule, dawa na chakula hupangwa pungufu vile vile. Tanzania ilipohesabu watu katika mwaka wa 2012, njia ilikuwa ya namna hiyo hiyo: maswali machache kwa wote, na maswali mengi kwa sehemu tu ya watu. Katika mwaka wa 2022 watu wa Tanzania walikuwa 61,741,120.

Basi mkisoma hesabu katika gazeti, au mkisikia mtu akitangaza kwamba watu wengi wapenda hiki au wachukia kile, muulizeni maneno manne. Waliulizwa nani, na walichaguliwaje? Wangapi walikataa kujibu? Wastani huo ni wa namna gani? Je, hakuna sababu nyingine? Asiyeweza kujibu hayo, msimwamini upesi, hata akiwa na tarakimu nyingi.

Na karani wa hesabu akibisha hodi kwako, jua kwamba labda nyumba yako imechaguliwa kusema kwa ajili ya nyumba 20 au 100 zisizoulizwa. Ukificha watoto wako wawili, hukuficha wawili tu. Umeficha watoto wa nyumba hizo zote, na madawati yao hayataletwa. Mjibuni kwa kweli.