Simu Ivukapo Mpaka Kabla ya Mwenyewe

Mji wa Busia una pande mbili na jina moja. Upande huu ni Uganda, upande ule ni Kenya, na katikati pana lango, bendera mbili na msururu wa malori yanayongoja karatasi zao. Zamani kidogo, kabla ya mwaka 2014, mwandishi wa makala haya alikuwa ameketi katika hoteli ndogo ya upande wa Uganda akinywa chai, wala hakuwa na nia ya kwenda popote. Mara simu yake ikalia na kuleta ujumbe wa kumkaribisha Kenya. Alicheka. Kisha akapigiwa kutoka nyumbani Kampala, wakazungumza habari za mtoto mgonjwa kwa dakika chache, na kabla hawajaagana salio likakatika. Hakuwa ameinuka kitini, lakini simu yake ilikuwa imekwisha vuka mpaka, naye alilipishwa kama msafiri.

Ndugu askari aliyewahi kulinda Mutukula, Katuna, Mpondwe au Elegu hatashangazwa na kisa hiki. Mawimbi ya simu hayasimami langoni wala hayaonyeshi pasi. Mnara uliojengwa upande wa pili, ukiwa karibu zaidi au ukiwa juu ya kilima, husikika kwa nguvu kuliko mnara wa kwetu uliofichwa nyuma ya majengo. Simu nayo ni chombo kisicho na uzalendo: ikipoteza sauti ya nyumbani, huanza kutafuta mwenyeji mwingine wa kuipokea.

Yafaa kueleza jinsi inavyopokelewa, maana hapo ndipo askari ana jambo la kujifunza. Kila kampuni ya simu huweka madaftari mawili makubwa katika mitambo yake. La kwanza ni daftari la nyumbani, ambamo zimeandikwa kadi zote za wateja wake na huduma walizoruhusiwa. La pili ni daftari la wageni. Ndani ya kadi ya simu mna namba ambayo mwenye simu haioni, tena si ile anayopigiwa na rafiki zake. Tarakimu zake tatu za mwanzo hutaja nchi: 641 ni Uganda, 639 ni Kenya, 640 ni Tanzania, 635 ni Rwanda, 630 ni Kongo ya Kinshasa, 642 ni Burundi. Mara kadi ya Uganda inapogusa mnara wa Kenya, mtandao wa Kenya huisoma namba hiyo, huulizia Uganda kama mgeni huyu anafahamika na kama ameruhusiwa kutoka, na jibu likiwa ndiyo, humwandika katika daftari la wageni. Yote hayo hufanyika katika muda wa kupepesa macho, na mwenye simu huona ujumbe wa makaribisho tu. Jibu likiwa hapana, au ikiwa kampuni hizo mbili hazina mkataba, simu huandika kwamba yawezekana kupiga namba za dharura tu, kama vile 112.

Mikataba ya namna hii, ambayo watu wa simu huiita romingi, haikuanzia kwetu. Wa kwanza ulifungwa mwaka 1992 baina ya kampuni moja ya Finland na moja ya Uingereza. Lakini Afrika Mashariki ina historia yake katika jambo hili, na wazee wataikumbuka. Hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, posta na simu za Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa chini ya shirika moja, na makao yake makuu yalikuwa hapa hapa Kampala. Baada ya hapo kila nchi ilijifungia na nyaya zake. Simu ya mkononi ilipokuja, ilikuta mipaka imekwisha kuwa migumu, na kumpigia jirani wa ng'ambo ya barabara kukawa safari ya kimataifa.

Mwaka 2006 kampuni ya Celtel ilifungua mtandao mmoja kwa wateja wake wa nchi hizi tatu, wakaweza kupiga simu kwa bei ya mwenyeji na kupokea bila malipo. Mwaka uliofuata Kongo nayo ikaingizwa. Serikali zilikuja baadaye: mwezi Oktoba 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kutekeleza mapatano ya eneo moja la mtandao, na Sudan Kusini ikajiunga. Ada ya kupokea simu ukiwa katika nchi nyingine ya mapatano ilifutwa, na bei ya kupiga ikawekewa kikomo cha senti 10 za Marekani kwa dakika. Hata hivyo mapatano hayo hayakuanza na jumuiya nzima, na mwanzo wake yalihusu sauti, si intaneti. Basi askari asidhani kwamba kila mpaka ni sawasawa. Aulize kabla ya kuvuka, na azime intaneti ya ugenini kwanza, kwa kuwa simu za siku hizi hupakua mambo zenyewe hata zikiwa mfukoni.

Hayo yanahusu kadi. Lakini simu yenyewe, yaani kile kiwiliwili cha plastiki na kioo, nayo ina uraia wake.

Koplo mmoja wa polisi, ambaye jina lake nalihifadhi, alinunua simu nzuri ya kugusa kioo katika soko la wiki karibu na mpaka. Muuzaji alimwambia inatoka Kenya, na kwamba bei ni nafuu kwa sababu mwenyewe ana shida ya karo. Koplo akaweka kadi yake ya Uganda, simu ikafanya kazi vizuri, akaipiga picha familia yake. Siku ya kumi na moja kioo kikageuka rangi, yakatokea maandishi ya kumtaka alipe deni. Hakuwa na deni na mtu. Akaipeleka kwa fundi.

“Afande, hii si kufuli ya kadi,” fundi akamwambia. “Kufuli ya kadi ningekufungulia. Hii ni kufuli ya deni.”

Fundi yule alisema kweli, na tofauti hiyo wengi hawaijui. Kufuli ya kadi ni ya zamani. Kampuni huuza simu kwa bei ya chini, na ili mteja asihame, huifunga isikubali kadi ya kampuni nyingine. Simu nyingi zilizokuja na ndugu zetu kutoka Ulaya na Marekani zilikuwa na kufuli hii. Njia halali ya kuifungua ni kuomba namba ya siri kwa kampuni iliyoiuza, na huko Marekani sheria iliyotiwa saini mwezi Agosti 2014 ilimrudishia mnunuzi haki ya kuifungua simu yake. Kufuli ya deni ni mpya. Siku hizi simu nyingi huuzwa kwa mkopo, mnunuzi akilipa kidogo kidogo kila siku, na ndani yake hutiwa programu ambayo huifunga simu malipo yanaposimama. Programu hiyo haijali simu iko nchi gani. Aliyeikopa Kenya akaiuza Uganda, akatokomea na fedha, amemwachia mnunuzi jiwe lenye kioo.

Koplo alipata hasara ya fedha, lakini yalikuwepo mengine yaliyomtisha zaidi. Yeye ndiye polisi wa kituo. Kesho akiletewa kijana aliyekamatwa na simu ya wizi kutoka ng'ambo, atamwuliza nini, hali ya kwake iko mezani haina stakabadhi?

Hapa ndipo yafaa kutaja ile namba ya tarakimu 15 ambayo kila simu huzaliwa nayo. Bonyeza *#06# nayo itatokea kiooni. Tarakimu nane za kwanza huonyesha aina ya simu, na zinazofuata humtambulisha huyu mmoja, kama namba ya bunduki ghalani. Simu yenye nafasi mbili za kadi huonyesha namba mbili. Mnara huweza kuiuliza simu namba hii pamoja na ile ya kadi, kwa hiyo kubadili kadi hakumfichi mtu kama wengi wanavyodhani: kadi mpya huonekana ikiwa ndani ya simu ile ile ya jana.

Kenya ilianza kuzitoa katika mitandao simu za bandia, zile zisizo na namba halali, tangu usiku wa tarehe 30 Septemba 2012. Tanzania ilifanya hivyo katikati ya mwezi Juni 2016. Mtu aliyekuwa na simu ya bandia aliamka asubuhi akaikuta kimya. Lakini simu iliyoibwa Nairobi si ya bandia. Namba yake ni halali kabisa, na ikiwa imefungiwa huko peke yake, bila orodha ile kufika upande wa pili, itawaka Kampala kama mpya. Wezi wanalijua hili, ndiyo maana simu husafiri. Askari anayepekua mzigo mpakani na kukuta simu ishirini za zamani zisizo na maboksi, afadhali aandike namba zake zote kuliko kuhesabu tu vichwa vyake.

Kuna tatizo jingine linalowapata maofisa wanaokwenda mafunzoni ng'ambo. Kwetu Afrika, kama Ulaya na sehemu kubwa ya Asia, simu za kawaida zilijengewa masafa ya megahezi 900 na 1800. Amerika walitumia 850 na 1900. Simu ya masafa mawili iliyovuka bahari ilikuwa bubu. Siku hizi nyingi zina masafa yote, lakini umezuka mtego mpya: kampuni kubwa za Marekani zilizima mitambo yao ya kizazi cha tatu katika mwaka 2022, na sauti sasa hupita katika kizazi cha nne. Ofisa anayekwenda Fort Leavenworth na simu iliyopiga vizuri Jinja aweza kuikuta haitoi sauti, hata akinunua kadi ya huko, ikiwa mtandao wa huko hauitambui kwa kazi hiyo.

Sasa turudi kwenye daftari la wageni, maana kwa raia ni habari ya salio, lakini kwa askari ni habari nyingine. Jeshi letu lilitua Mogadishu mwezi Machi 2007, na tangu hapo maelfu ya vijana wetu wamenunua kadi za Somalia ili wasikie sauti za watoto wao. Hakuna wa kuwalaumu. Lakini kadi ile imeandikwa katika daftari la mwenyeji, na mnara unaoipokea huweza kukadiria umbali wake, kwa mtambo wa kizazi cha pili, kwa hatua za mita 550 hivi. Tena mwenye mamlaka juu ya mnara si lazima awe serikali. Mwezi Januari 2014 Al-Shabaab waliziamuru kampuni za simu za Somalia zisitishe intaneti ya simu. Anayeweza kutoa amri kama hiyo aweza pia kuuliza maswali.

Vita vya Ukraine vimeonyesha jambo hili kwa uwazi. Majeshi ya Urusi yalipoingia mwezi Februari 2022, kampuni za simu za Ukraine zilifunga daftari lao la wageni kwa namba za Urusi na Belarus. Askari waliovuka na simu zao wakajikuta hawana mwenyeji. Baadhi yao walichukua simu na kadi za wakazi, na kwa kufanya hivyo wakaingia wenyewe katika mitandao ya adui, ambaye alinasa mazungumzo yao na kuyatangaza. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2023, makombora yaliangukia jengo walimolala askari wa Urusi huko Makiivka. Wizara ya Ulinzi ya Urusi ilisema waliokufa ni 89, na kwamba sababu kubwa ilikuwa askari kuwasha simu zao kwa wingi kinyume cha amri. Ulikuwa usiku wa mwaka mpya. Si vigumu kudhani walikuwa wakiwapigia akina nani.

Askari aliye mpakani, ambaye hana ruhusa wala haja ya kuwa mgeni wa mtu, anaweza kuiamuru simu yake. Katika mipangilio mna mahali pa kuchagua mtandao kwa mkono badala ya kuiacha simu ichague yenyewe. Akichagua wa kwao, simu haitaandikisha jina kwa jirani hata mnara wa jirani ukisikika kwa nguvu. Palipokatazwa simu, kuzima tu hakutoshi kwa anayesahau: aiache kambini. Naye anayevuka kwa ruhusa aandike namba zote za nyumbani kwa alama ya kujumlisha na 256 mbele, ili zifanye kazi popote alipo. Asikubali kadi iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, hata akipewa bure, kwa kuwa hajui kadi hiyo ilitenda nini kabla ya kufika mkononi mwake.

Koplo wetu hakuificha simu yake. Aliiandikia maelezo, akataja soko, siku na sura ya muuzaji, akaikabidhi kwa mkuu wa kituo pamoja na ile namba ya tarakimu 15, ambayo wenzao wa upande wa Kenya waliweza kuiulizia. Kwa sasa anatumia simu ndogo ya tochi aliyoinunua dukani, na stakabadhi yake ameikunja ndani ya kitambulisho cha kazi.