Wanafunzi Kando ya Kitanda cha Wifi

Hospitali ya Misheni hapa Chimala hututibu mengi, ila presha ya wifi yangu ilipogoma kushuka akiwa mjamzito, tulipewa rufaa. Tulishika barabara kuu, takriban kilomita 80, hadi Meta, kitengo cha wazazi cha Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya.

Asubuhi likaja kundi la makoti meupe. Mwanafunzi akaeleza: mimba ya ngapi, presha, protini kwenye mkojo. Bingwa akamuuliza, "Magnesiamu ya nini?" Akajibu, "Kuzuia degedege la kifafa cha mimba."

Wifi akaninong'oneza, "Wananijifunzia?" Ndiyo, wifi. Lakini mwanafunzi huuliza kwa kirefu, daktari aliyehitimu hurudia kupima, kisha bingwa huamua. Ni macho mengi juu ya mgonjwa mmoja, nami nayaamini kuliko jozi moja iliyochoka. Tena mgonjwa ana haki ya kuuliza, hata kukataa kupimwa na mwanafunzi.

Nchi yetu ilianza kufundisha madaktari wake mwaka 1963, Dar es Salaam, mbegu ya Chuo Kikuu cha Muhimbili cha leo. Sasa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ndaki ya afya Mbeya, na wanafunzi wake hujifunza wodini. Nawaombea wakihitimu wapangiwe kazi huku kwetu: Rujewa, Madibira, na Matamba kule juu ya kona hamsini na saba za barabara ya mlimani.

Ukipewa rufaa, mama, usiahirishe hadi mavuno. Beba barua na kadi ya kliniki, uondoke siku hiyo hiyo.