Shilingi Mia Mbili za Nairobi

Kila asubuhi kina mama kutoka Kibera huvuka kuja mitaa ya Jamhuri, Woodley na Kilimani kutafuta nguo za kufua. Wengine wana wateja wao wa kudumu. Wengine huketi nje ya geti, mkoba mapajani, wakingoja kuitwa. Siku ikiwa njema, mtu anarudi na unga, sukuma na mafuta ya kupima. Ikiwa mbaya, anaandikiwa deni kwenye daftari la dukani.

Serikali ina kipimo cha kuamua kama mama huyu ni maskini. Katika utafiti wa bajeti za kaya wa 2015/16, Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) lilizunguka nchi kwa miezi 12 likiuliza watu wamekula nini na wametumia pesa ngapi. Mstari wa umaskini mijini ukawa Sh5,995 kwa mwezi kwa kila mtu mzima, takriban Sh200 kwa siku; wa vijijini ukawa Sh3,252 kwa mwezi. Mtoto hahesabiwi sawa na mtu mzima: wa chini ya miaka 5 ni 0.24, wa miaka 5 hadi 14 ni 0.65. Basi baba, mama, mtoto wa miaka 9 na mdogo wake wa miaka 3 ni watu 2.89. Kwa hesabu ya wakati huo, familia hiyo ikitumia Sh17,400 kwa mwezi, si maskini.

Nairobi ikapata asilimia 16.7 ya maskini, Turkana 79.4. Sina ubishi kwamba Turkana hali ni ngumu zaidi. Ninachobishia ni kuhesabu kila shilingi iliyotoka mkononi kana kwamba imeleta nafuu.

Kibera maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20. Choo ni cha kulipia, shilingi tano au kumi kila ukiingia. Watu wanne wakiingia mara mbili kwa siku kwa shilingi kumi, hiyo ni Sh80. Kwa mwezi, Sh2,400. Mafuta ya kupimiwa kidogo kidogo, ukipiga hesabu hadi lita nzima, yanapita bei ya yule anayebeba chupa kubwa kutoka supamaketi ya Ngong Road. Mwenye kidogo analipa zaidi, kisha matumizi yake yanaandikwa kama dalili kwamba anajiweza. Na pesa za kukopa, za Fuliza au za chama, zikinunua unga huonekana sawa na pesa za mshahara.

Kwa takwimu za taifa, kasoro kama hizi zinaweza kuvumilika. Hakuna anayenyimwa dawa kwa sababu ya asilimia. Lakini tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) inapima kaya moja moja. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara huulizwa nyumba yake imejengwa kwa nini, maji anayatoa wapi, choo ni cha aina gani, anapikia nini, na kwa majibu hayo mfumo unamkadiria kipato na ada yake. Kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi, ila mtu huyu hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja: Sh3,600.

Kuna vijiji ambako paa la mabati huonyesha kwamba mwenye nyumba amepiga hatua. Kibera karibu kila chumba kina mabati, na aliye chini yake ni mpangaji asiyemiliki hata msumari. Stima ipo, redio ipo. Ningetaka kwanza aulizwe wiki hii amepata kazi siku ngapi, wiki iliyopita je, kodi ni ngapi na anadaiwa na nani. Hayo ndiyo mama mboga wake huyajua kabla ya kukubali kumkopesha.

Halafu ada ifuate mfuko wake ulivyo. Anayelipwa kwa siku hawezi kutoa Sh3,600 kwa mkupuo bila kukopa, na mkopo huo akiulipa, unatoka kwenye zile shilingi mia mbili.